OneLook: Ipe Umbo, Ikupe Neno!

Wapenzi wa Scrabble, wa Wordle, wa mafumbo ya maneno ya kila aina, hii imetupita muda mrefu mno! Kuna tovuti inaitwa OneLook, ipo mtandaoni tangu 1996, na mimi ndiyo kwanza nimeifungua. Tangu hapo simu haitulii mfukoni. Kamusi tulizozizoea zinataka uje na neno ndipo zikupe maana. Hii unaijia na umbo tu: neno lina herufi ngapi, ipi unaijua, imekaa wapi. Basi inapekua kamusi zaidi ya 1,000 na kukumwagia maneno yote ya Kiingereza yenye umbo hilo, papo hapo!

Uchawi wote unaanzia kwenye alama ya kuuliza. Kila alama inasimama badala ya herufi moja usiyoijua, moja tu. Niliandika f??ty, yaani herufi tano, mwanzo f, mwisho ty. Yakashuka "fifty", "forty", "fatty", "fusty". Halafu lile nililokuwa nalitafuta: "felty"! Mchezaji wa Scrabble wa Afrika hawezi kulipita neno hili kimyakimya. Wellington Jighere wa Nigeria alilipanga ubaoni kwa pointi 36 katika fainali ya dunia ya mwaka 2015 kule Perth, Australia, akawa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa huo. Na Wanigeria wana falsafa yao: mara nyingi huchagua neno fupi la herufi tano hata kama refu lipo mkononi, ili wabaki na vigae vizuri na wasimfungulie mpinzani njia. Kwa anayetaka kujifunza mchezo wa namna hiyo, sijaona mwalimu mwepesi kama OneLook.

Lakini ngoja tufike kwenye Wordle, maana hapo ndipo nilipopiga kelele. Mchezo huu wa Josh Wardle, uliowekwa hadharani mwaka 2021, unakupa nafasi sita za kukisia neno la herufi tano, na kila ukikisia unajibiwa kwa rangi. Kijani: herufi ipo na imekaa mahali pake. Njano: ipo, lakini si hapo. Kijivu: haipo kabisa. Sasa tazama! OneLook ina alama ya kila rangi. Herufi ya kijani unaiandika kwenye nafasi yake. Ya njano unaitanguliza kwa mkato, kisha unaizungushia vinyota, kwa sababu kinyota maana yake ni herufi zozote, hata ziwe ngapi. Za kijivu unazipanga mwishoni baada ya alama ya kutoa. Kwa hiyo ukishajua kwamba a ipo katikati na r ipo mahali fulani, unaandika ??a??,*r* na mbele yako yanajipanga "chair", "brave", "smart", "grape", "charm". Yaani kama vile mwenye tovuti na mwenye mchezo walikaa meza moja!

Alama hiyo ya kutoa peke yake inatosha kukufanya ukeshe. Andika ?????-aeiou, herufi tano bila hata moja kati ya irabu zile tano, uone "nymph", "crypt", "lymph" na "gypsy" yakitokea. Andika q????-u, kwa wale tunaoshikwa na q bila u mkononi, na miongoni mwa yanayojitokeza ni "qibla", kibla yetu ile ile, imevaa tahajia ya Kiingereza. Nikajaribu u?u?u. Nani alijificha humo? "Uhuru"! Limo kwenye kamusi za Kiingereza, halihitaji ruhusa ya mtu.

Kuna alama ya reli kwa konsonanti yoyote, na ile @ ya barua pepe kwa irabu yoyote, y ikiwemo. Hizo utazizoea haraka. Mikwaju miwili ndiyo ya kushika sana: ukiitanguliza mbele ya herufi zilizovurugika, inakupangia maneno. Andika //aeinrst, herufi saba ambazo kila mchezaji wa Scrabble huziombea, na utapata "nastier", "retains", "retinas", "stainer", kila moja likimaliza vigae vyako vyote saba na kukuongezea pointi 50!

Tahadhari moja, na ni ya maana. OneLook haichagui kwa ajili ya Scrabble. Inachanganya majina ya watu, miji na vifupisho, vitu ambavyo mwamuzi atavikataa bila kupepesa. Ukipata neno geni, lithibitishe kwanza kwenye orodha ya maneno ya Scrabble ya Collins. Na mbele ya ubao wa mashindano simu inakaa mbali. Raha ya chombo hiki ni mazoezini, nyumbani, ukiwa na daftari pembeni unaandika maneno usiyowahi kuyasikia.

Nuktapacha nimeiacha mwisho kwa makusudi, maana ndiyo inayonitoa pumzi. Baada ya umbo unaweka nuktapacha na kutaja maana kwa Kiingereza, na tovuti inakuletea yanayokidhi yote mawili! Kwa mpenda mafumbo ya maneno, mwenye miraba minne mitupu na dokezo linalosema ni chombo cha majini, hakuna kilichobaki cha kuomba. Andika ????:boat. Shuka nayo taratibu, usiruke: "punt", "dory", "yawl". Endelea tu kushuka, "dhow" nayo imo.