Mwanafunzi Aliyenyamaza: Ibn Khaldun na Darasa Zetu

 

Tumeirejea milango ya ufundishaji katika Muqaddima, aliyoiandika Ibn Khaldun mwaka 779 H (1377), kwa sababu ya jambo lililotufika. Mama mmoja alituuliza: panya amefia ndani ya tangi la lita 1,000 lililojaa, na maji hayakubadilika rangi, ladha wala harufu. Je, yanafaa kutawadhia? Tulimwachia mwanafunzi wetu ajibu. Akasoma kwa ghibu, bila kukosea herufi, maneno ya Safinatun-Najaa kuhusu maji machache na maji mengi. Kisha akanyamaza, akatutazama. Hakutambua kuwa maji yale yamepita qullatayni, na kwamba jibu ameshalitamka kwa ulimi wake.

Ibn Khaldun alimweleza mwanafunzi huyu zaidi ya miaka 600 iliyopita. Anasema wanafunzi wa Moroko wa zama zake walimaliza umri katika vikao vya elimu wakiwa kimya, hawasemi wala hawajadiliani, hima yao ni kuhifadhi kupita haja. Muda wao wa madrasa ulikuwa miaka 16, na Tunis miaka 5. Sababu, kwa maoni yake, ni ubovu wa njia. Dawa ni kuufungua ulimi kwa majadiliano, ili mwanafunzi apate malaka, yaani umahiri uliokita ndani ya nafsi.

Wako masheikh watakaosema kuwa mjadala huondoa adabu. Tunaiheshimu hofu yao, lakini hoja haisimami. Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan walimkhalifu mwalimu wao Abu Hanifa katika masuala mengi, na kauli zao zimehifadhiwa ndani ya madhehebu yake. Na katika Sahih Bukhari, Mtume (S.A.W.) aliwauliza Masahaba juu ya mti unaofanana na Muislamu. Ibn Umar (r.a.), aliyekuwa mdogo wao, alijua moyoni kuwa ni mtende, akaona haya kusema. Baba yake alipopata habari, alitamani lau mwanawe angelisema.

Hata hivyo, anayeusoma mlango huo peke yake anaweza kudhani hifdhi itupwe. La! Mjadala bila matini ni kelele. Mahali pengine Ibn Khaldun mwenyewe anapanga mizunguko mitatu: kwanza misingi kwa ujumla, kisha sherehe pamoja na khitilafu za wanazuoni, kisha kufungua kila lililofumba. Sisi tuliishia wa kwanza tukadhani tumefundisha. Kosa la siku ile lilikuwa letu, si la kijana.

Wala hatumtaki kila kijana awe mujtahidi. Tunataka alifahamu alilohifadhi, alitumie panapohitajika, na asiogope kusema "sijui" pale asipojua. Basi ewe mwalimu mwenzetu, kabla hujafunga kitabu leo, uliza suala moja ambalo jibu lake halikuandikwa humo, kisha subiri.

Wabillahi tawfiq.