Sifa za Fundi wa Nyumba Kongwe

Aghalabu husifiwa ajengaye nyumba mpya. Yule aifufuaye nyumba kongwe, akairudisha kuwa maskani yenye nuru na raha, hupewa ujira wake akasahauliwa, ingawa kwa rai yangu kazi yake ndiyo itakayo ustadi zaidi, kwani mwenye kiwanja kitupu hufuata ramani yake mwenyewe, ilhali huyu hana budi kwanza kuyafahamu makusudio ya mafundi waliokwisha kufa.

Sisi wa Mkumbara yatupasa kulijua hilo. Kabla ya Vita Kuu ya 1914, reli ya Tanga ilipokwisha kupita hapa, Wajerumani walitandika njia ya waya kutoka msitu wa Shume, juu ya Milima ya Usambara, ili mbao za mwangati ziteremshwe hadi stesheni yetu. Kiini cha mti ule mchwa hawakipendi. Kwa hiyo fundi hodari akikuta boriti ya mwangati imepiga weusi hakimbilii msumeno, bali huigonga kwa nyundo, akatega sikio, kisha huichoma kwa ncha ya patasi, na ikiwa ngumu huiacha pale pale ilipo.

Ustadi huu umedhihiri zaidi Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Vyumba vya huko ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazina urefu mkubwa, na ukuta unaoonekana kuziba nafasi huenda ndio uliobeba sakafu ya jirani wa juu. Basi mwenye maarifa haubomoi ili apate mwanga, bali huyafungua madirisha yaliyozibwa, huibandua ile lipu ya saruji iliyofungia unyevu ndani ya mawe, huulowesha ukuta, akaupaka chokaa tabaka nyembamba juu ya tabaka, bila haraka, maana chokaa ikikaushwa na jua kali hupasuka. Ukuta huo huweza tena kupumua, na weupe wake huusambaza mwanga mpaka pembe za ndani.

Huku kwetu Mkumbara, bondeni, adui ni joto: dirisha lielekeane na dirisha, na dari ikae mbali na bati.

Ewe uliyeachiwa nyumba na wazee wako, kabla hujamwita mvunjaji, mwite fundi mzee, umlipe ujira wa siku nzima kwa kuitazama tu.