Gemu Iliyonificha Choo

Kuna gemu ambayo ukiianza saa mbili usiku, saa tatu umeshaimaliza. Haina bunduki, haina magari, haina pointi za kukusanya. Unatembea tu ndani ya nyumba ya mwanamke mmoja, unafungua milango, unashika vitu vyake. Inaitwa Before I Forget. Ilitoka Julai 2020 na imetengenezwa na studio ndogo ya Uingereza, 3-Fold Games, ambayo kwa sehemu kubwa ni wanawake wawili: Chella Ramanan, aliyeandika hadithi, na Claire Morwood, aliyeandika programu. Mwaka 2021 iliteuliwa kuwania tuzo ya BAFTA kwenye kundi la gemu zenye lengo zaidi ya burudani. Haikushinda, lakini kufika tu pale kwa gemu ya watu wawili si jambo dogo.

Nimeicheza mara mbili, na nina ugomvi nayo. Lakini pia kuna tukio moja humo ndani lililonifanya nimpigie mama simu usiku. Kwa hiyo nivumilie, nieleze vyote viwili.

Unacheza kama Sunita Appleby, mwanasayansi wa anga mwenye jina kubwa, ambaye sasa ana demensia. Tena demensia iliyomwahi, kabla ya uzee. Unaona kila kitu kwa macho yake. Mwanzoni nyumba imepauka, kama picha iliyokaa juani muda mrefu. Kuna vikaratasi vya kumkumbusha hiki na kile. Ukishika kitu, picha au barua, sauti ya Sunita inakuja, kumbukumbu inafunguka, na rangi inarudi taratibu kama rangi ya maji inavyosambaa kwenye karatasi. Na muda wote kuna swali moja linalokusukuma kutoka chumba hadi chumba: mume wake, Dylan, mpiga piano, yuko wapi?

Kabla sijaendelea, tuwekane sawa kuhusu neno lenyewe, maana mtaani tunalichanganya sana. Demensia si jina la ugonjwa mmoja. Ni jina la hali: kumbukumbu, lugha, maamuzi na uwezo wa kujua uko wapi vinapungua kiasi cha mtu kushindwa kuendesha maisha yake ya kila siku. Magonjwa yanayoileta ni mengi, na Alzheimer peke yake unachangia asilimia 60 hadi 70. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na hali hii, na zaidi ya asilimia 60 yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani kwetu. Na wala si lazima uwe mzee sana. Auguste Deter, mgonjwa ambaye kwake daktari Alois Alzheimer aliueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza, alilazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Kwa hiyo Sunita si mhusika wa kubuni tu ili hadithi iume. Watu kama yeye wapo tangu ukurasa wa kwanza wa historia ya ugonjwa.

Sasa ugomvi wangu.

Gemu inasema inakuonyesha kusahau. Lakini hebu fikiria unachofanya mle ndani. Unaanza hujui kitu: hujui Sunita ni nani, hujui alisoma nini, hujui alimpendaje Dylan. Unashika kitu, unajua jambo moja. Unashika kingine, unajua la pili. Rangi zinaongezeka. Kufikia mwisho una maisha yake yote mkononi, yamepangika vizuri kabisa. Huko si kusahau, ni kukumbuka! Mchezaji anasafiri kinyume na mgonjwa. Sunita anapungua, wewe unajaa. Mara ya kwanza sikuliona hili kwa sababu muziki na sauti vilikuwa vimenishika koo. Mara ya pili nililiona tangu dakika ya tano, na likanikera hadi mwisho.

Linakera kwa sababu linalisha imani ambayo familia nyingi tunayo tayari: kwamba kumbukumbu zipo mahali, zimefungiwa tu, na mtu wetu akionyeshwa picha sahihi zitarudi. "Bibi, huyu ni nani? Jaribu kukumbuka basi!" Tunamfanyia mtihani sebuleni mbele ya wageni. Picha na nyimbo za zamani ni nzuri kweli, zinampa mtu furaha na mazungumzo. Lakini kwenye Alzheimer seli za ubongo zinakufa, na rangi iliyorudi asubuhi inaweza isiwepo jioni. Gemu ikishapaka rangi chumba, rangi inabaki.

Nikawa tayari kuandika kwamba gemu nzuri kwa macho imekosea sayansi, nikafunge kompyuta nikalale. Halafu nikafika tena kwenye choo.

Sunita anabanwa na haja. Unajua nyumba kwa sasa, umeshazunguka, korido unaikumbuka. Unaenda kwenye mlango, unafungua: kabati. Unarudi, unajaribu mlango mwingine: kabati lilelile. Mwingine tena: kabati. Nyumba uliyoizoea imegeuka, na mwili wa Sunita hausubiri. Hafiki kwa wakati.

Mara ya kwanza nililichukulia kama tukio la kusikitisha tu. Mara ya pili nikaelewa kwamba hapa ndipo mahali pekee ambapo gemu inaninyang'anya mimi kitu. Kila sehemu nyingine inanipa. Hapa imechukua ramani niliyokuwa nayo kichwani, niliyoitengeneza kwa miguu yangu mwenyewe, ikaitupa. Kwa dakika hizo chache simwonei Sunita huruma kutoka nje. Nimepotea kweli, na naona aibu kweli, na hakuna mtu pale.

Na kisayansi, tukio hili limegusa penyewe. Tumezoea kusema demensia ni kusahau majina na kuuliza swali mara kumi. Lakini kupotea njia ni miongoni mwa dalili za mapema za Alzheimer, na sababu inaeleweka. Mwaka 1971 John O'Keefe alionyesha kwamba kwenye hipokampasi ya panya kuna seli zinazowaka panya akiwa mahali fulani tu: seli za mahali. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser na wenzao wakaonyesha kwamba jirani yake, kwenye gamba la entorina, kuna seli zinazopima nafasi kama mistari ya karatasi ya grafu. Watatu hao walipewa Nobeli mwaka 2014. Sasa, Heiko Braak na Eva Braak walipochora hatua za Alzheimer kwenye ubongo mwaka 1991, eneo lile lile la entorina lilikuwa miongoni mwa yale yanayoshambuliwa mapema kabisa. Ugonjwa unaanza kwa kula karatasi ya grafu. Ndiyo maana mtu anaweza kukusimulia harusi yake vizuri kabisa, halafu asijue njia ya kutoka jikoni kwenda chumbani.

Kuna gemu nyingine iliyotumia jambo hili kwa namna tofauti kabisa. Sea Hero Quest, ya mwaka 2016, ilikuwa ya simu: unaendesha boti, unaangalia ramani, ramani inaondolewa, unatafuta njia. Zaidi ya watu milioni 4 duniani waliicheza, na watafiti wakapata takwimu za namna watu wanavyotafuta njia, umri kwa umri na nchi kwa nchi, ili wajue kupotea kwa kawaida kukoje kabla hawajasema kupotea gani ni ugonjwa. Ile inakupima. Before I Forget haikupimi chochote. Inakuweka tu mahali pa mtu mwenye haja ambaye haoni mlango.

Ndipo nikampigia mama.

Bibi yangu alihamishiwa mjini kwa mjomba baada ya kuanza kusahau. Nyumba ni nzuri, ina korido yenye milango mitano ya mbao, yote rangi moja ya kahawia, yote inafungwa. Desemba nilipoenda likizo, bibi alikuwa anajikojolea. Wakubwa walisema ni ukaidi, maana choo kiko hatua sita kutoka kitandani kwake na ameonyeshwa mara nyingi. Tena kulikuwa na tatizo la pili, ambalo sote tulidhani halihusiani na la kwanza: usiku bibi alikuwa anaamka na kwenda kuhangaika na mlango wa jikoni, anautikisa. Tukasema anataka kutoroka. Tukautia kufuli. Asubuhi moja nilimkuta amesimama pale pale mlangoni, gauni limelowa, na mimi, msomi wa ubongo, nikamwambia, "Bibi, wewe sasa ni mtu mzima bwana." Aliniangalia akasema, "Nisamehe, baba." Kuniita baba ndivyo alivyoniita siku zote. Kuniomba msamaha ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kumbukumbu mpya ndizo zinazotangulia kupotea, za zamani zinadumu zaidi. Théodule Ribot aliliandika hili mwaka 1881 na mimi nimelijibia kwenye mtihani. Nyumba ya bibi ya kijijini, alikoishi zaidi ya miaka arobaini, choo kilikuwa nje. Unapitia mlango wa jikoni.

Hakuwa anatoroka. Alikuwa anaenda chooni kwa njia anayoijua, na sisi tulikuwa tumemfungia kufuli.

Simu yenyewe ilikuwa fupi. Nilimwomba mama amwambie mjomba mambo ambayo yako kwenye miongozo ya kawaida ya kutunza watu wenye demensia: mlango wa choo uachwe wazi, taa iwake usiku kucha, mlango upakwe rangi tofauti na mingine na kubandikwa picha. Wakaupaka njano. Sitaki kukudanganya kwamba bibi amepona, hakuna kupona. Kuna usiku anafika na kuna usiku hafiki. Lakini hakuna tena anayemgombeza, na kufuli limeondolewa. Sasa mlango ukitikiswa, mtu anaamka anamshika mkono.

Je, nilihitaji gemu ili kujua hili? Kwa aibu nakiri, ndiyo. Nilikuwa na maarifa yote kwenye madaftari. Niliyajua kama mtu anayesoma ramani ya mji ambao hajawahi kupotea ndani yake.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa Before I Forget ni hii. Watengenezaji walishirikiana na Gaming the Mind, asasi ya wataalamu wa afya ya akili, na kwenye tukio la choo ushirikiano huo unaonekana. Kwingine wamechagua njia rahisi: vitu vinavyoguswa na kumbukumbu zinazofunguka. Naelewa kwa nini. Gemu ambayo ingekusahaulisha kweli, ikufutie ulichopata na kukurudisha mwanzo kila dakika kumi, nani angeimaliza? Hata swali la "Dylan yuko wapi?" hapa linaulizwa kwa saa moja, linapata jibu, na gemu inaisha. Mwisho wenyewe sikwambii. Nitasema tu kwamba kwenye nyumba halisi swali kama hilo haliishi. Bibi anauliza kama babu amesharudi. Ukimwambia ukweli, anausikia kama msiba wa leo asubuhi, analia, na kesho anauliza tena. Gemu haimwonyeshi yule anayejibu mara ya mia. Hiyo ni nusu ya demensia, na ningependa mtu aitengenezee gemu yake.

Pamoja na hayo, icheze. Icheze hasa kama nyumbani kwenu kuna mzee ambaye mmeanza kumwita mkaidi. Ukifika kwenye milango ile na kuanza kukasirika, usikimbilie kutafuta msaada mtandaoni. Kaa na hasira hiyo kidogo. Halafu nenda kasimame koridoni kwenu usiku, taa ikiwa imezimwa, uhesabu milango inayofanana.