Mgeni Asiyeuliza Njia: Riwaya Pendwa ya Kiswahili na Msomaji wa Nchi Jirani

Ikisiri

Makala haya yanatathmini riwaya pendwa za Kiswahili zilizoandikwa Tanzania kati ya miaka ya 1960 na 1980 kwa kuzingatia mahitaji ya msomaji wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Yanadai kwamba riwaya hizo zina uwezo ambao vitabu vya kiada havina, yaani kumfanya mtu asome Kiswahili bila kulazimishwa. Hata hivyo, zinapovuka mpaka humchukulia jirani kama jukwaa na si kama msemaji. Makala yanapendekeza ziwekwe maktabani bila kuingizwa katika mitihani, na waandishi wa nchi jirani wawezeshwe kuandika zao.

Utangulizi

Mwaka 2017 Rwanda ilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka huo huo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mijadala ya sera imejikita, kwa haki kabisa, katika uhaba wa walimu, mitaala na istilahi. Lipo swali jingine linalostahili kuulizwa mapema: kijana wa Kampala au Kigali akishajua Kiswahili cha darasani, asome nini jioni akiwa nyumbani?

Jibu la mazoea ni kumpa riwaya dhati. Lakini anayeanza kujenga mazoea ya kusoma akikabidhiwa Nagona ya Euphrase Kezilahabi huenda akaheshimu kitabu hicho maisha yake yote bila kukimaliza. Kwa upande wa pili, riwaya pendwa zimekuwa zikisomwa Tanzania kwa zaidi ya nusu karne na watu ambao hakuna mwalimu aliyewaagiza. Kwa hiyo zinastahili kupimwa kwa uwazi, bila dharau ya wahakiki wa zamani na bila sifa za wapenzi wake.

Bwana Msa na Inspekta Wingo

Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ndiyo huanza kutajwa kila historia ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili inapoandikwa. Bwana Msa na kiko chake, pamoja na Najum anayeandamana naye, wanamkumbusha msomaji Sherlock Holmes na Watson. Deni hilo halifichiki na halina haja ya kufichwa. Abdulla alichukua muundo wa kigeni akaujaza maisha ya Unguja: mashamba, nasaba, heshima ya majina na hofu ya mizimu. Kifo kinapohusishwa na mzimu, Bwana Msa hutafuta mkono wa binadamu. Mvutano huo kati ya imani na hoja ungali hai katika eneo zima la Maziwa Makuu, na msomaji wa Bujumbura hahitaji kufafanuliwa.

Udhaifu wa Abdulla uko mahali pale pale penye nguvu yake. Kiswahili chake ni kitamu kwa anayekijua tayari. Mafumbo, utani na misemo ya Kiunguja humchosha mwanafunzi ambaye bado anasoma akiwa na kamusi mkononi. Aidha, hadithi hufunguka mwishoni kwa maelezo marefu ya Bwana Msa, ambapo wahusika wengine hubaki kusikiliza. Msomaji aliyekuwa mpelelezi mwenza anageuzwa kuwa mwanafunzi.

Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, ni nyepesi zaidi, na kwa kusudi la makala haya wepesi huo ni sifa. Inspekta Wingo ni askari wa kazi, hana madaha ya Bwana Msa. Sentensi ni fupi na mji ni wa kisasa. Wahusika hawana kina kirefu, na hilo halipingiki. Lakini kama lengo ni kumpata msomaji anayefika ukurasa wa mwisho kwa mara ya kwanza katika Kiswahili, riwaya hii inafaa kutangulia nyingine zote zinazojadiliwa hapa.

Willy Gamba ugenini

Kwa msomaji wa nchi jirani, mwandishi mwenye mengi ya kujadiliwa ni Elvis Musiba, kwa kuwa mpelelezi wake Willy Gamba husafiri. Katika Kufa na Kupona (1974) msako wa nyaraka za harakati za ukombozi unampeleka Nairobi. Katika Kikosi cha Kisasi (1979) uwanja wa mapambano ni Kinshasa. Safari hizo zina msingi katika historia. Kuanzia mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na vyama vya wapigania uhuru vilikuwa na ofisi zake mjini humo. Hofu ya majasusi haikuwa ya kubuni. Musiba aliichukua hofu hiyo akaitengenezea hadithi inayokimbia, na kwa njia hiyo siasa ya ukombozi ikawafikia vijana ambao wasingefungua kijitabu cha chama.

Hapo ndipo lawama ya baadhi ya wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980 inapopungua uzito. Walisema riwaya hizi ni kasumba ya kibepari, nakala za James Bond zenye majina ya Kiafrika. Ni kweli kwamba bastola, hoteli za kifahari na wanawake wanaomwangukia shujaa vimetoka huko. Lakini adui amebadilika. Bond wa Ian Fleming alilinda maslahi ya Uingereza. Gamba anapambana na utawala wa makaburu na vibaraka wake. Anayezitupa riwaya hizi kwa sababu ya vazi lake anaitupa pia hoja yake.

Dosari kubwa iko kwingine, nayo haionekani vizuri kutoka Dar es Salaam. Nairobi na Kinshasa za Musiba ni miji ya wasafiri: uwanja wa ndege, teksi, hoteli, baa, kisha mapigano. Mhusika mwenyeji humsaidia shujaa, humsaliti au humpenda. Ni nadra awe na jambo lake mwenyewe lisilomhusu Gamba. Kinshasa ni mji wa Kilingala na Kifaransa, lakini mazungumzo yanamfikia msomaji katika Kiswahili sanifu kile kile kinachosikika Dar es Salaam. Mwandishi wa hadithi ya kusisimua anaweza kujitetea kwamba hana nafasi ya kueleza isimu. Utetezi huo unakubalika kwa kitabu kimoja. Ukirudiwa katika utanzu mzima unakuwa fundisho: kwamba Kiswahili kina mwenyewe mmoja, na wengine wote ni wapita njia katika hadithi yake.

Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu analiona pengo hilo mara moja. Yeye ana Kiswahili alichozaliwa nacho, ambamo watoto ni batoto na kwenda shule ni kwenda ku masomo. Katika riwaya pendwa hakikuti Kiswahili hicho hata kinywani mwa mhusika anayetoka kwao. Akifika shuleni anaambiwa anachosema ni makosa. Akifungua kitabu cha kujifurahisha anakuta hakimo. Si ajabu akiamua kusoma Kifaransa.

Wanawake, dola na Joram Kiango

Ben Mtobwa, muumbaji wa Joram Kiango, alipunguza dosari moja na kuiacha nyingine. Nuru, mwenzake Kiango, anashiriki katika kazi na hatari zake, jambo linalomtofautisha na wanawake wengi wanaopita katika vitabu vya Musiba. Hata hivyo, uzuri wake hutajwa mara nyingi kuliko fikra zake. Katika Tutarudi na Roho Zetu?, ambamo adui ni utawala wa makaburu wa Afrika Kusini, shujaa anabaki mmoja, na dola analoliokoa halihojiwi. Mwalimu atakayempa kijana riwaya hizi hana budi kuwa tayari kwa mazungumzo kuhusu mambo hayo mawili. Kuzificha riwaya kwa sababu yake, lakini, ni kumnyima kijana fursa ya kujifunza kubishana na kitabu anachokipenda.

Mapendekezo

Kwanza, riwaya pendwa ziwekwe katika maktaba za shule na za umma za nchi jirani, lakini zisitahiniwe. Uzoefu wa Kenya unatoa onyo. Riwaya teule ikishaingia katika mtihani, miongozo ya kuichambua huenea madukani, na wanafunzi wengi huishia kusoma mwongozo badala ya riwaya. Riwaya pendwa itakayotungiwa maswali ya alama ishirini itakuwa imepoteza kile kilichofanya ichaguliwe.

Pili, matoleo mapya yawe na faharasa fupi ya misemo na utangulizi unaoeleza wakati wa kihistoria. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1994 hana kumbukumbu ya makaburu madarakani, na bila maelezo hayo adui wa Gamba anabaki jina tupu.

Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi, fedha za kukuza Kiswahili zisiishie katika kusambaza vitabu kutoka Tanzania. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na wizara za elimu, inaweza kudhamini warsha na uchapishaji wa riwaya za upelelezi, mapenzi na safari zinazoandikwa Goma, Kampala, Kigali na Bujumbura. Wahariri wa miswada hiyo waruhusu lahaja isikike katika mazungumzo ya wahusika, hata pale masimulizi yanapobaki katika Kiswahili sanifu. Usanifu wa lugha hautadhurika kwa mhusika wa Bukavu kusema kama mtu wa Bukavu.

Hitimisho

Riwaya pendwa ya Kiswahili ilitangulia sera. Ilifika Kinshasa, japo kwa kalamu tu, miongo kadhaa kabla ya ramani ya Jumuiya kupanuka kufika huko. Ilifika kama mgeni mwenye haraka, asiyeuliza njia wala jina la mwenyeji. Wasomaji wa nchi jirani wana haki ya kuifurahia na pia kuidai. Sera itakayowapa vitabu hivyo bila kuwapa kalamu itazalisha wateja wa Kiswahili. Itakayowapa vyote viwili inaweza kuzalisha wenyewe wake.