Sifa za Fundi Apimaye Moshi

Kazi nyingi za mikono husifiwa kwa uzuri uonekanao: mlango wa Lamu husifiwa kwa nakshi zake, na jahazi kwa umbo la ubavu wake, lakini zipo kazi nyingine, ndogo kwa kimo na nzito kwa maana, ambazo uzuri wake wote umefichika mahali asipotazama mwenye mali, wala hamsifu mtendaji wake ila mtu aliyewahi kuitenda kazi ile ile. Miongoni mwa hizo naihesabu kazi ya kuchagua sensa ya oksijeni na kuiunganisha kwa waya na kompyuta ya injini, hasa kompyuta ile isiyotoka kiwandani pamoja na gari, bali iliyofungwa baadaye na mtu atakaye kuiamuru injini kwa hesabu zake mwenyewe. Nimekusudia kuisifu kazi hii nikiwa na Runyenjes machoni, kwa sababu huko nchi yenyewe humlazimisha fundi kupima kabla ya kusema.

Runyenjes imekaa katika miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, kwenye barabara itokayo Embu kwenda Chuka na Meru, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa huwa imepungua uzito kwa karibu sehemu moja katika saba, ukiilinganisha na hewa ya Mombasa. Gari la kabureta lililorekebishwa vyema pwani, likipanda hadi hapa, hunywa petroli iliyozidi hewa iliyopo, likatoa moshi mweusi na kuishiwa na nguvu. Tena nchi haitulii: mbele ya mji barabara hushuka bonde la mto Thuci na kupanda tena, na ukiendelea kuelekea Meru mito hufuatana hadi Nithi, ambao daraja lake limejulikana kwa misiba, na ukigeukia nyanda za Mbeere, hewa huwa nzito na yenye joto. Pikapu iliyojaa muguka au mikungu ya ndizi, ikipanda bonde kwa gia ya chini, hudai petroli ya kutosha katika dakika ile ile ambayo dereva hawezi kuachilia mafuta. Na ikiipata pungufu, joto huzidi ndani ya silinda hata pistoni ikaweza kuyeyuka. Kompyuta huyafuata mabadiliko hayo kwa jedwali aliloliandika mtu, na jedwali lililoandikwa kwa kubahatisha ni kubahatisha tu, hata likiandikwa kwa tarakimu.

Ndipo ihitajiwapo sensa. Asili yake ni elimu ya Walther Nernst, mwanakemia wa Ujerumani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920, aliyebainisha jinsi tofauti ya kiasi cha mata katika pande mbili izaavyo umeme. Kwa msingi huo kampuni ya Bosch ilitengeneza sensa ya kauri ya zirkonia iliyotiwa mdomo wake katika moshi, nayo Volvo ikaifunga katika magari yake tangu mwaka 1976. Sensa hiyo ya kale humjibu fundi kwa majibu mawili: hupanda kuelekea volti 0.9 petroli ikizidi, na hushuka kuelekea volti 0.1 petroli ikipungua, na katikati, penye sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, huruka ghafula kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kwa gari la kwenda sokoni na kurudi, hayo yatosha. Kwa mtu anayeandika jedwali la injini hayatoshi hata kidogo, maana injini yenye mzigo mzito hutakiwa kupewa petroli zaidi ya kiwango hicho, nayo sensa haisemi imezidi kwa kadiri gani.

Sensa ya pili, ambayo mafundi huiita waidibendi, ilibuniwa kulijibu swali hilo. Ndani yake mna chumba kidogo ambamo moshi hupenya taratibu, na pampu ya umeme iitoayo oksijeni chumbani au kuiingiza, mpaka hali ya mle ndani ilingane na kiwango; na kiasi cha umeme kilichotumika kuleta ulinganifu huo ndicho kipimo chenyewe. Yote hayo, kwa sensa ya Bosch iitwayo LSU 4.9, hutendeka katika joto la takriban digrii 780 za Selsiasi, likilindwa na kipasha joto kilichomo ndani yake.

Kuchagua, basi, kwataka utulivu. LSU 4.2, nayo ni waidibendi ya Bosch, na LSU 4.9 hukaribiana kwa umbo, walakini tabia zao ni mbali: ya kwanza huazima hewa ya nje iwe kiwango cha kulinganishia, na hewa hiyo ikichafuka nayo hupotoka, ya pili hujitengenezea kiwango hicho kwa umeme mdogo. Kwa sababu hiyo kidhibiti, yaani kifaa kiisomacho sensa, kilichoundwa kwa moja hakifai kwa nyingine, na anayeagiza kutoka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, hana budi kutaja namba kamili, wala asiridhike na mfanano wa sura. Aidha, ndani ya kiungio cha sensa mna rezista iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo peke yake. Anayekikata kiungio ili waya umfikie vizuri hutupa nusu ya ukweli alioununua.

Yafaa pia kukumbuka kwamba chombo hiki hakingeweza kuishi katika petroli ya zamani, kwani risasi iliyotiwa humo ilikuwa sumu kwake. Kampeni ya kuiondoa iliongozwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi. Kufikia mwaka 2006 Kenya ilikuwa imekwisha kuiacha, na mwaka 2021 Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza. Sumu iliyobaki gerejini ni silikoni, ambayo mafundi wengi huipenda mno kwa kuzibia gasketi.

Katika bomba la moshi, fundi hutoboa baada ya tabo, ikiwa gari lina tabo, kisha huchomelea nati yenye hesi za milimita 18 na kuipa mwinamo usiopungua digrii 10 kutoka mlalo, mdomo wa sensa ukielekea chini, ili maji yasituame ndani. Asubuhi za Julai, manyunyu na baridi ya mlimani vikijaza bomba matone, kauri iliyokwisha kuwaka moto ikiguswa na tone moja hupasuka. Kwa hiyo kipasha joto hakipewi umeme kabla ya injini kunguruma. Wala hakinyimwi umeme injini ikiwa inanguruma, maana sensa baridi hufunikwa na masizi. Relei moja iliyopangwa kwa busara, pamoja na fyuzi yake, huzitimiza haki zote mbili.

Sasa nafika penye kiini cha sifa zangu, nacho ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kidhibiti hupeleka habari zake kwa kompyuta kwa volti, tangu 0 hadi 5, na tuseme kwamba kimepangwa volti 0 iwe ni 10 na volti 5 iwe ni 20. Kila volti ni sehemu mbili za hewa. Volti, hata hivyo, hupimwa daima kutoka mahali fulani. Kipasha joto hula umeme mwingi, tena kwa mapigo, na umeme huo ukirudi kwenye betri kwa waya ule ule mwembamba unaotumiwa na ishara, ethi ya kidhibiti huinuka juu ya ethi ya kompyuta. Ikiinuka kwa robo ya volti, kompyuta husoma 13 penye 12.5, na fundi huongeza petroli isiyohitajiwa. Kinyume chake ni cha hatari zaidi: ethi ya kompyuta ikiinuka kwa kubeba mzigo wa koili na injekta kupitia nati yenye kutu, kompyuta huona petroli imezidi ilhali imepungua, na fundi mwaminifu, kwa kuamini alichokiona, huiunguza injini ya mwenzake.

Dawa yake ni nyepesi kuisema na ndefu kuitenda: umeme wa kipasha joto urudi kwa waya mnene wa pekee hadi kwenye bloku ya injini, ethi ya ishara iende penye ethi ya sensa za kompyuta, maungio yalehemiwe au yabanwe kwa koleo lake, yafunikwe, yaepushwe na joto la bomba. Kisha fundi hukilazimisha kidhibiti kutoa volti inayojulikana, huitazama kompyuta inasoma nini, huwasha taa kubwa na feni, hutazama tena. Tarakimu ikisimama pale pale, kazi imesihi. Vidhibiti vya siku hizi vinavyonena na kompyuta kwa tarakimu badala ya volti huondoa taabu hii, lakini havimwondolei mtu wajibu wa kuielewa.

Wala kazi ikisihi fundi hajapewa ruhusa ya kuacha kufikiri. Sensa huhesabu oksijeni, petroli haiijui. Plagi ikikosa kutoa cheche, hewa isiyoungua hutoka na moshi, na sensa husema petroli imepungua wakati petroli mbichi inamwagika bombani. Ufa ulio mbele ya sensa ukivuta hewa ya nje, husema vivyo hivyo. Fundi mkamilifu, akiona tarakimu ya ajabu, huanza kwa kuuliza habari za cheche na za gasketi kabla hajaligusa jedwali, kwa sababu anajua mipaka ya chombo chake kama ajuavyo uwezo wake.

Huo ndio ustadi niupendao: kuutumia muda mrefu zaidi katika kuhakikisha kipimo kuliko katika kujivunia matokeo yake. Kijana wa Runyenjes atakaye kuingia katika kazi hii na ajifunze kulehemu na kutafuta ethi kabla ya kujifunza kuandika jedwali. Na mwenye gari ajaye kulipa ujira, kabla ya kuuliza nguvu za farasi zimeongezeka ngapi, na aulize ethi imefungwa wapi, na ikiwa fundi atafurahi kuulizwa, amlipe bila kupunguza.