Nani Ameunda Gitaa Hili?

Juu ya sanduku pameandikwa kwamba utajenga gitaa lako mwenyewe. Ukilifungua unakuta kiwiliwili cha mbao kilichokwisha kukatwa na kutobolewa, shingo iliyokwisha kupigwa freti, pikapu mbili na nyaya zake, daraja la nyuzi, vifungo vya kukazia, skrubu ndani ya vifuko vya plastiki, na kijitabu cha kurasa nne. Rangi hakuna. Hilo ndilo pengo uliloachiwa, na ndilo linalokufanya uyaamini maneno ya juu ya sanduku.

Nataka kukisoma kifurushi hiki jinsi tunavyosoma kitabu: kinasema nini, kinanyamaza wapi, kinamtaka msomaji wake awe nani. (Neno “kifurushi” nimelichagua mwenyewe. Waingereza wana lao, lakini ukilivuka nalo kuja huku utajikuta unauza kiti cha gitaa.) Ninacho kimoja cha umbo la Telecaster, nilichokipiga msasa, nikakipaka na kukiunganisha kwa mikono yangu, kwa hiyo ugomvi wangu nacho ni wa watu wanaoishi nyumba moja.

Kiswahili hakina haraka ya kumpa mtu sifa ya kuunda. Jahazi huundwa, kwa sababu yupo mtu aliyeutazama mti uliopinda akaona ubavu wa chombo ndani yake. Redio iliyokufa hutengenezwa. Kitanda kilicholetwa kikiwa vipande huunganishwa, na anayelala juu yake hajiiti seremala. Kwa mizani hiyo mwenye kifurushi ameunganisha, basi. Mtandaoni hata hivyo utaona picha za magitaa haya zikitundikwa kwa fahari, na chini yake neno ni lile lile: nimejenga.

Ningeishia hapo kama gitaa lenyewe lisingekuwa Telecaster. Leo Fender, aliyelitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1950 kule Fullerton, California, alikuwa fundi wa redio. Alifungua duka la kutengeneza redio mwaka 1938, na gitaa hakujua kulipiga. Mafundi wa magitaa wa zamani waligundisha shingo kwenye kiwiliwili kwa gundi na kwa ujuzi wa miaka. Yeye aliifunga kwa skrubu nne. Kiwiliwili kilikuwa ubao bapa usio na uwazi wa kukuza sauti. Nyaya zilikaa chini ya kibati unachokifungua kwa bisibisi. Shingo ikichakaa unaifungua, unafunga nyingine, kama fundi wa redio anavyobadilisha kipuri. Lilianza kuuzwa kwa jina la Broadcaster, kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba jina hilo linafanana mno na la ngoma zake, na mwaka 1951 likawa Telecaster. Kumbe tangu kuzaliwa lilikuwa gitaa la kuunganishwa. Anayesema kifurushi kinalidhalilisha hajafungua zile skrubu nne akaona jinsi shingo inavyochomoka.

Swali la nani ameunda linabaki pale pale, ila sasa linamgusa na Fender mwenyewe. Kwenye kisigino cha shingo za magitaa yake ya miaka ya 1950, mahali panapofichwa na kiwiliwili, mara nyingi utakuta tarehe na herufi mbili za penseli. TG ni Tadeo Gomez, mmoja wa wafanyakazi waliochonga shingo hizo. Abigail Ybarra aliajiriwa mwaka 1956 na akafanya kazi ya kusuka pikapu, maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kama unywele, kwa zaidi ya miaka 50; pikapu zenye jina lake leo zinasakwa kama johari. (Pikapu, ndiyo, jina moja na gari la mizigo. Hii ni sumaku iliyozungushiwa waya, inayosikia uzi wa chuma unapotikisika.) Kichwani mwa gitaa hayakuandikwa majina yao. Liliandikwa la Fender.

Kichwa kina kisa chake. Katika vifurushi vingi vya aina hii, shingo huja na kichwa ambacho hakijachongwa: kibao kipana cha pembe nne, ukate upendavyo. Wanunuzi wanaipenda sehemu hii, na kijitabu changu kiliisifia kama uwanja wa ubunifu. Ubunifu huo una wakili nyuma yake. Umbo la kichwa cha Fender ni alama ya biashara iliyosajiliwa Marekani. Umbo la kiwiliwili silo: mwaka 2009 bodi ya nchi hiyo inayoamua mashauri ya alama za biashara ilikataa ombi la Fender la kusajili maumbo ya viwiliwili vyake, kwa kuwa watengenezaji wengine walikwisha kuyatumia miaka mingi hadi yakawa ya wote. Ndiyo maana kiwiliwili kinakuja kimekamilika na kichwa kinakuja kitupu. Mahali pekee unapokabidhiwa msumeno ni pale ambapo kiwanda kingeogopa kuushika.

Sasa rangi, ambayo kwa wengi ndiyo kazi yote. Kiwiliwili changu kilikuwa cha mbao laini nyeupe, kimepuliziwa tayari utando wa kuziba vinyweleo. Usipouondoa kwa msasa, rangi ya maji inayonywewa na mbao inakaa juu yake kwa mabaka. Msasa namba 220, kisha 320, kisha rangi, kisha tabaka za mafuta ya mbao, kila moja ikisubiri ya chini yake ikauke. Ni kazi tamu, inatuliza akili, na matokeo yanaonekana kwenye picha. Imezaa pia dini yake ndogo, inayoamini kwamba laka ya nitroselulosi, iliyopakwa magitaa ya zamani, inaiacha mbao “ipumue” na plastiki za kisasa zinaikaba. Mbao ya gitaa ilikwisha kufa. Katika gitaa lenye kiwiliwili kizima kisicho na uwazi, pikapu inafuatilia mwendo wa uzi wa chuma, na unene wa vanishi iliyo mgongoni ni jambo dogo mno kulipigania. Fender nitroselulosi ilimfaa kwa sababu ilipulizwa kirahisi na kukauka upesi. Rangi zake mashuhuri za baadaye zilikuwa za magari: Fiesta Red ilitoka kwenye Ford Thunderbird ya mwaka 1956. Fundi wa rangi katika gereji ya Dar es Salaam yuko karibu zaidi na mapokeo ya Fullerton kuliko wanaoagiza kopo maalumu kutoka ng'ambo. Naye atakuambia, bila kusoma popote, usipulize laka wakati wa masika: unyevu unanaswa chini yake na unapata ukungu mweupe.

Kijitabu changu kilitumia karibu nusu ya kurasa zake kwa rangi. Kuhusu freti na kizingiti kilikuwa na sentensi moja, ya kwamba urekebishe ukipenda.

Kizingiti ndivyo ninavyokiita kile kipande kidogo cha plastiki au mfupa kilicho mwisho wa shingo, chenye mifereji sita ambamo nyuzi hupita kabla ya kufika kichwani. Mifereji ikiwa mifupi, nyuzi zinakaa juu mno kwenye freti ya kwanza. Unabonyeza, kidole kinauma, na kwa kuwa uzi umevutwa kuliko inavyotakiwa, noti inapanda na kutoka nje ya sauti. Kodi ya F, ile ambayo kidole cha shahada hulazwa juu ya nyuzi zote sita, ndiyo inayoadhibiwa zaidi. Ni vijana wangapi wamenunua gitaa la bei nafuu, wakafika kwenye F, wakajiambia hawana kipaji, ilhali kilichokosekana ni dakika 20 za tupa nyembamba? Idadi siwezi kuitaja. Najua tu kwamba karibu kila gitaa la bei nafuu nililoshika lilikuwa na tatizo hilo, na wenyewe walilichukua kama kosa la vidole vyao.

Freti nazo ni hivyo hivyo. Unazipaka wino juu kwa maka peni, unapitisha tupa bapa iliyonyooka mpaka wino wa freti ya mwisho uguswe, kisha unazirudishia mviringo wake moja moja. Shingo unainyoosha kwanza kwa kukaza au kulegeza nondo iliyo ndani yake. Mwishoni unapima: urefu wa uzi kutoka kizingiti hadi daraja ni sentimita 64.8, kwa hiyo freti ya 12 iko sentimita 32.4, nusu kamili. Ukiibonyeza hapo noti ikawa juu kuliko mlio wa uzi ulioguswa tu juu ya freti hiyo, unasogeza tandiko la daraja nyuma, uzi urefuke. Kazi hii haipigiki picha. Ukiimaliza gitaa linaonekana vile vile lilivyokuwa jana.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Kifurushi kinamwita mnunuzi mjenzi, kinampa kazi ya msanii wa rangi, na kazi ya fundi, ambayo ingemfaa yeye na magitaa ya rafiki zake kwa miaka 30, kinaipitia kwa sentensi moja. Wauzaji wanajua kwamba rangi inauza.

Ukitaka kuona kujenga kulivyo, mtazame Brian May. Mwaka 1963, akiwa kijana ambaye nyumbani hawakuweza kumnunulia Fender, alianza na baba yake kuunda gitaa ambalo baadaye alilipiga katika Queen. Shingo ilitoka kwenye ubao wa dari ya meko ya zamani, na matundu ya wadudu yalizibwa kwa njiti za kiberiti. Alama za freti ni vifungo vya lulumizi kutoka sanduku la ushonaji la mama yake. Springi za daraja ni za vali za pikipiki. Iliwachukua yapata miaka miwili. Kila kipande pale kilimlazimu mtu kuamua, na uamuzi mbaya ungesikika. Katika kifurushi maamuzi yamekwisha kufanywa na mtu mwingine, mbele ya mashine.

Mtu huyo simjui. Nilipofungua shingo yangu ili nisawazishe freti, nilitazama kwenye kisigino. Palikuwa na stika ndogo ya namba, iliyobandikwa upande, na gundi yake ilitoka kwa mafuta ya taa.