Kalamu Katika Kila Somo

Katika vyuo vingi vya Afrika ya Mashariki kazi ya kufundisha kuandika imeachwa mikononi mwa mwalimu wa lugha peke yake. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano, na mafunzo ya namna hiyo yamekwisha kuwa kawaida vyuoni. Faida yake haikanushiki. Lakini ina kasoro kubwa: mwanafunzi hufundishwa kuandika mahali ambapo hana jambo la kuandikia, kisha huenda kwenye kilimo, historia au utabibu, ambako mambo ni tele, wala aghalabu hapana amwambiaye aandike ila siku ya mtihani.

Mkoa wa Pwani una mifano miwili ifaayo kuzingatiwa. Shule ya Minaki, Kisarawe, ni mrithi wa Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Unguja, kilichohamishiwa huko mwaka 1925. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha London kitabu kiitwacho Kiungani, chenye habari walizoandika wavulana wa misheni, wengi wao waliookolewa utumwani, naye akazitia katika Kiingereza. Thamani ya habari hizo haitokani na ufundi wa insha, bali na kwamba kila mvulana alisimulia jambo alilolijua kuliko mwalimu wake.

Mfano wa pili ni Kibaha. Mradi ulioanzishwa mwaka 1963 baina ya Tanganyika na nchi za Nodiki, ukakabidhiwa serikali ya Tanzania mwaka 1970, uliweka mahali pamoja shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Haukukusudiwa kufundisha uandishi. Hata hivyo waonyesha kazi ambayo chuo chaweza kuipanga. Mwanafunzi wa baiolojia na aeleze ugonjwa wa batobato katika mihogo, kwanza kwa mwalimu wake, halafu kwa mkulima asiyejua istilahi. Akishindwa na ya pili, imedhihirika kwamba ya kwanza aliikariri tu.

Basi mtunga mtaala sharti aanze kwa kuuliza: mjuzi wa somo hili huandika nini, na humwandikia nani? Tabibu huandika hali ya mgonjwa; mwanahistoria hupima ushahidi; mwanahisabati hueleza kwa nini njia yake ni sahihi. Kazi na ziwe fupi, za mara kwa mara, na rasimu irudishwe kabla ya kutolewa alama. Walimu watasema kwamba madarasa ni makubwa mno, na hilo ni kweli. Lakini ukurasa mmoja ulioandikwa mara mbili hufaa kuliko insha ndefu iliyosahihishwa muhula ukiisha, na rasimu ya kwanza wanafunzi waweza kusomeana wenyewe.

Imebaki lugha. Masomo ya vyuo yangali yakifundishwa aghalabu kwa Kiingereza, na kwa hiyo ripoti ya mwanafunzi juu ya shamba la Kisarawe haisomeki kwa mwenye shamba. Habari za wavulana wa Kiungani nazo zilichapishwa ili zisomwe Uingereza. Kozi itakayodai kila ripoti iambatane na maelezo ya Kiswahili kwa mtu aliyetoa habari zake itakuwa imefundisha uandishi, na pia imelipa deni.